Maji Aliyoyameza Sinapati

Jumamosi ile Sinapati aliamka akiwa na kazi nyingi kuliko zilizokuwapo. Alizifagia kokoto zilizoizunguka nyumba, akazifagia tena, ingawa upepo haukuwa umeangusha hata jani. Aliipiga pasi nguo yake nyeupe ya Jumapili, akaitundika, akaitazama, kisha akaitungua na kuipiga pasi upya kana kwamba ilikuwa imemkosea adabu. Mumewe, mzee Iakopo, aliyekuwa ameketi akikwangua majimbi, alimfuata kwa macho hata shingo ikamchoka.

“Mama,” alisema, “hiyo nguo ikiungua, kesho utakwenda kanisani umejifunga mkeka?”

“Kwangua majimbi yako.”

“Nakwangua. Lakini wewe unamngoja nani?”

“Simngoji mtu.”

Alikuwa anangoja. Kaka yake, mkuu wa ukoo aliyeitwa kwa jina la heshima Leitupo, alikuwa amelala upande wa pili wa kijiji cha Faletoi, na mguuni mwake kilikuwapo kidonda ambacho ugonjwa wa sukari haukukiruhusu kupona. Daktari alikuwa ameagiza avushwe upesi kwenda hospitali kubwa kwenye kisiwa cha pili, Upolu, mguu ukatwe kabla sumu haijapanda. Mgonjwa alikuwa amekataa. Sababu ya kukataa kwake ilijulikana nyumba hadi nyumba, kwa maana ni vigumu kuficha neno katika kijiji ambacho nyumba hazina kuta: aliamini kwamba uchungu wa dada yake ndio uliomshika, na kwamba mtu aliyeshikwa na uchungu wa dada hawezi kulala mbele ya kisu cha daktari akaamka. Hakuna aliyemcheka. Hata wale waliosoma ng'ambo walinyamaza na kutazama pembeni.

Hatimaye Telesia, binti wa Leitupo, alitokea njiani akihema, viatu mkononi.

“Shikamoo, shangazi. Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mbona unakimbia kama uliyefukuzwa na nguruwe?”

“Baba amekubali kwenda.”

Sinapati aliiweka pasi chini. “Bwana asifiwe. Basi nendeni. Kivuko cha alasiri hakingoji mtu, na kesho ni Jumapili, hakivuki.”

“Amekubali, ila…” Telesia alizitazama kokoto. “Anasema hapandi mpaka watu wa ukoo watoe yaliyo mioyoni mwao na kutema maji kama ilivyo desturi. Mchungaji Lapana yuko kwetu. Wote wamekwisha kufika, shangazi. Amebaki mtu mmoja.”

“Nitoe nini mimi? Baba yako nilikwisha kumsamehe. Nilisema kanisani, mbele ya wanawake wote.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Nawe ulikuwapo.”

“Nilikuwapo. Mama ndiye aliyekupa leso.”

Iakopo alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. “Twende, mama. Ukibaki hapa utazifagia kokoto hizi mpaka ziishie baharini.”

Walikwenda. Tangu alipohamia tena Faletoi pamoja na mumewe, Sinapati alikuwa akipita njia ya nyuma, kule kwenye mashamba ya majimbi, hata alipokuwa na haraka. Siku hiyo Telesia alitangulia kwa njia ya mbele, naye akaona aibu kumwita arudi. Hivyo ndivyo alivyolazimika kupita karibu na kaburi la mama yake, lililojengwa kwa saruji mbele ya nyumba ya Leitupo na kupakwa chokaa safi, likiwa limeanikwa mashuka juu yake kama kaburi lolote la mtu anayependwa na jamaa zake.

Mashuka yale yalimchoma kuliko miiba. Mama yao alipofariki, Sinapati alikuwa angali akiishi Upolu, kijijini kwa mumewe. Bahari ilichafuka, vivuko vikasimamishwa, naye akalala bandarini juu ya mizigo yake, akituma habari kwa kila aliyekuwa na simu: mngojeni binti yake. Bahari ilipotulia, alivuka, akafika akikimbia, akakuta kaburi limekwisha kufukiwa na wageni wanajipangusa mafuta ya nguruwe midomoni. Hakuuona uso wa mama yake. Siku hiyo alisimama mahali pale pale, akamtazama kaka yake, akamwambia kwa sauti ndogo, “Nawe siku moja unyooshe mkono usipate wa kuushika.” Kisha akaondoka. Baadaye alitubu, akasali, akasamehe, akalia. Yote hayo aliyafanya kwa utaratibu, jinsi alivyofanya kila kitu.

Watu wa ukoo walikuwa wameketi kwa kukunja miguu, kila mmoja penye nguzo yake. Leitupo alilala katikati juu ya mikeka, amekonda, macho yake yakizunguka bila kupumzika. Mguu ulifungwa kitambaa, lakini harufu haikufungika. Fuatino, mke wake, alikuwa akiwafukuza nzi kwa upepeo. Nje, gari la jirani lenye godoro nyuma lilikuwa limeegeshwa, na dereva wake alikuwa akiitazama saa yake kila mara, bila hata kujificha.

Mchungaji Lapana, kijana mnene mwenye jasho jingi, alinyanyua kifuu kilichojaa maji ya dafu.

“Hatukuja kumfanyia Mungu hila,” alisema. “Maji haya hayana uwezo wowote. Anayeponya ni Bwana, naye ni mwenye huruma kuliko sisi sote tukijumlishwa. Lakini mtu aliyeuma meno hawezi kulishwa. Basi tufungue vinywa vyetu. Mama mwenye nyumba, anza.”

Fuatino aliuweka upepeo chini. “Mimi nimemkasirikia mume wangu. Daktari alimkataza nyama ya mkebe. Nikaificha chini ya mikeka, akaipata. Nikaipeleka kwa jirani. Bwana huyu ambaye hakuwa na nguvu za kwenda kanisani akapata nguvu za kwenda kumsalimu jirani.”

Watu walicheka. Hata mgonjwa alitabasamu.

“Msicheke,” Fuatino alisema, na machozi yakamlengalenga. “Nilisema moyoni: kula basi, ufe. Nilisema hivyo. Mungu anisamehe.” Akachukua kifuu, akajaza kinywa, akasukutua, akatema maji nje kwenye kokoto. Wote wakashusha pumzi.

Akafuata binamu aliyekuwa na kinyongo cha nguruwe aliyepotea, akafuata mwingine, akafuata Telesia, aliyesema neno lake kwa haraka huku amejifunika uso. Kila mmoja alisukutua na kutema. Kifuu kikamfikia Sinapati.

Alisema vizuri. Alikuwa mtu wa kusema vizuri. Aliitaja neema, akautaja msalaba, akasema kwamba kama kulikuwa na lolote kati yake na kaka yake, hilo lilikwisha kuzikwa zamani. Aliposema “kuzikwa,” sauti yake ilitetereka kidogo, naye akaikaza. Akajaza kinywa. Maji yalikuwa ya vuguvugu, matamu. Akayazungusha kinywani, akageuka upande wa nje ili ayateme, na hapo, kati ya mashuka yaliyoanikwa, akaiona chokaa ya kaburi. Koo lake likafunguka lenyewe.

Aliyameza.

Sauti ya mmezo ule ilisikika, ndogo na wazi, kama kufuli linapofungwa.

“Amemeza,” Fuatino alisema.

“Maji ya dafu ni matamu, jamani,” Iakopo aliharakisha kusema. “Hata mimi ningemeza. Mpeni mengine.”

“Amemeza!” Fuatino alikuwa amekwisha kupiga magoti. “Wifi, umemeza mbele yetu sote! Unataka tumzike huyu?”

“Kuzika mnajua,” Sinapati alijibu. “Tena haraka.”

Maneno yalimtoka kabla hajayaona. Leitupo alifumba macho, akaugeuza uso wake upande wa pili, kisha akamwambia mkewe, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko makelele, “Mwambie mwenye gari aende zake nyumbani.”

Sinapati aliinuka, akatoka bila kuinama mbele za watu waliokaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto wake.

Alikwenda bila kujua aendako. Alishika njia ya pwani, akaiacha. Akaingia katika shamba la mtu, akatoka. Akajikuta mlangoni mwa kanisa. Ndani hapakuwa na mtu. Wanawake walikuwa wamekwisha kupamba madhabahu kwa maua mekundu ya tangawizi, wakaenda kupika. Aliketi kwenye benchi lake, akainamisha kichwa, akaanza sala yake ya msamaha, ile aliyoizoea. Ilipita kinywani mwake kama maji kwenye jani la jimbi. Akaanza tena. Akasimama, akanyoosha maua yaliyokuwa yamenyooka, akaketi, akasimama.

Mchungaji Lapana aliingia akijipepea kwa mwavuli uliofungwa.

“Mama Sinapati, unatembea sana. Nimekufuata mpaka shambani kwa watu. Mbwa wao wananidai paja.”

“Rudi kwa mgonjwa, mchungaji.”

“Mgonjwa yuko na watu. Wewe uko na nani?”

Mchungaji aliketi nyuma yake, ili asimlazimishe kutazamwa.

“Umesali?”

“Nasali tangu nilipoingia.”

“Umemwambia nini?”

“Kwamba ninamsamehe kaka yangu.”

“Naye Mungu anakuamini?”

Sinapati aligeuka kwa hasira. “Wewe mtoto, nimefundisha wanawake kusali kabla hujaota meno!”

“Ndiyo, mama. Na ni sala nzuri. Imefuliwa, imepigwa pasi. Lakini ukienda kwa daktari, humwonyeshi nguo, unamwonyesha kidonda.” Alijifuta jasho. “Leitupo anauficha mguu wake kwa kitambaa, na harufu inatoka. Samahani, mama. Nami naogopa kukwambia haya. Mke wangu amenionya nisikuudhi.”

“Mkeo ana akili.”

“Anazo zote mbili, yake na yangu.”

Nje, mbali, injini ya gari iliwashwa, ikazimwa. Kivuko kilikuwa kikikaribia saa yake, na Sinapati alijua.

“Sinao,” alisema hatimaye. “Huo msamaha. Nimeutafuta kila mahali, sina. Nikiufungua moyo wangu, humo hamna kitu ila yeye na wageni wake wanakula.”

“Basi mwambie Mungu hivyo hivyo.”

“Nimwambie Mungu kwamba sitaki?”

“Anajua. Anangoja uache kumficha.”

Sinapati alielekea mbele. Hakupiga magoti. Alisema kwa sauti kavu, kama mtu anayezungumza na jirani kupitia uzio, “Bwana, sitaki. Nilimtakia mabaya na bado namtakia. Kidonda chake kimenifurahisha. Ukitaka nitake, nipe wewe huko kutaka, maana mimi siwezi.”

Akangoja. Hakusikia sauti, wala hakuona nuru. Maua ya tangawizi yalibaki maua. Lakini alikuwa amesema neno baya kuliko yote aliyowahi kuyasema ndani ya nyumba ile, wala hakufukuzwa. Jambo hilo lilimshangaza hata akaukamata ukingo wa benchi. Alikuwa amesimama na uovu wake mikononi, na aliyeuona hakumgeuzia uso. Hasira haikuondoka. Ila kwa mara ya kwanza hakuwa peke yake nayo.

“Mchungaji,” alisema, “mbona umekaa? Gari litaondoka.”

Alimtangulia kwa mwendo wa kasi, na kijana yule mnene akatweta nyuma yake, mwavuli ukimgonga miguuni.

Gari lilikuwa lingali pale, kwa sababu Iakopo alikuwa ameketi mbele ya tairi na kumwambia dereva kwamba anapumzika. Sinapati aliingia nyumbani, akapita kati ya watu, akaketi karibu na kichwa cha mgonjwa, karibu kuliko inavyompasa dada kumkaribia kaka yake.

“Sefo,” alisema.

Watu walitazamana. Hakuna aliyekuwa amemwita mkuu yule kwa jina la utoto tangu mama yao alipofariki.

“Niko hapa, dada.”

“Nilipofika, udongo ulikuwa mbichi. Nilitaka kuufukua kwa kucha. Nikakuapiza, wewe ulisikia. Lakini hukusikia mengine. Kila Jumapili niliimba, na kila Jumapili nilipokuona ukichechemea kwenda kwenye kiti chako, kitu ndani yangu kilisema: bado, bado kidogo. Mimi, mwalimu wa sala. Sasa umejua.”

Leitupo akasema, “Sasa niulize.”

“Kwa nini hukuningoja?”

“Wakuu wa vijiji vingine walikuwa wamefika. Nguruwe walikuwa wamekwisha kutoka katika tanuri. Niliogopa nyama ingeharibika, watu waseme Leitupo ameshindwa kuulisha msiba. Nilipata habari zako zote kutoka bandarini. Sitasema sikuzipata. Nilijua unalia kule, dada, nikachagua jina langu.”

“Kwa hiyo mama yangu alifukiwa kwa ajili ya nguruwe.”

“Kwa ajili ya nguruwe.” Akamgeukia. “Na nyama yenyewe haikutosha.”

Sauti iliyomtoka Sinapati haikuwa kicheko wala kilio. Ilianza kama kimoja ikaishia kama kingine, ikamtikisa mabega hata Fuatino akamshika. Alipopata pumzi, alinyoosha mkono, na Telesia akamletea kifuu bila kuambiwa.

“Sijui kama nimekusamehe,” alisema. “Nimemwambia Bwana kwamba sitaki, naye hakunifukuza. Lakini sitaki ufe. Hilo ni la kweli, nalo linatoka kwangu.”

Alijaza kinywa, akasukutua, akayatema maji kwa nguvu nyingi hata yakapita kokoto na kumfikia Iakopo miguuni kule kwenye tairi.

“Hayo sasa yametoka,” Iakopo alisema, akiipangusa miguu yake.

“Inatosha, mchungaji?” Leitupo aliuliza.

“Inatosha kwa kuondokea,” alijibu mchungaji. “Mengine Bwana ataendelea nayo. Haraka, jamani, mnyanyueni!”

Hapo pakawa na vurumai. Vijana walishika pembe za mkeka, Fuatino aliitafuta kanzu safi, Telesia aliisahau chupa ya dawa akarudi, dereva akapiga honi ambayo haikumsaidia mtu. Katikati ya fujo hiyo Sinapati alikuwa akitembea kando ya mkeka, mkono wake umeshikwa na mkono wa kaka yake, na hakuna aliyejua ni nani aliyeunyoosha kwanza.

“Mama alivalishwa nini?” aliuliza. Alikuwa hajawahi kumwuliza mtu yeyote.

“Ile nguo nyeupe uliyomshonea. Wanawake waligombana juu ya nywele zake, kila mmoja akitaka kuzisuka kwa namna yake, nikawatoa wote nje nikazichana mwenyewe.”

“Wewe?”

“Mimi. Nilizitenganisha upande usio wake. Niliona kosa nilipokwisha kumaliza, nikaogopa kumsumbua tena.”

“Na uso?”

Leitupo alipakiwa juu ya godoro, akaguna kwa maumivu, akangoja mpaka yapungue. “Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, upande mmoja. Kama alivyokuwa akifanya alipotaka kumkatiza mtu maneno.”

Sinapati alisimama palepale barabarani. Aliuona. Uso wote aliuona, na nywele zilizotenganishwa vibaya, na mdomo wa mama yake ukiwa tayari kumwambia mtu kwamba amesema vya kutosha. Aliangua kilio mbele ya kijiji kizima bila leso, bila utaratibu, kama wanavyolia wale waliowahi maziko.

“Wifi,” Fuatino alimwita kutoka ndani ya gari, “unapanda au hupandi?”

“Sina nguo ya kuvaa hospitalini.”

“Nani atakutazama wewe? Panda!”

Alipanda nyuma na nguo yake ya kazi. Alikaa kwenye ncha ya godoro, akaupokea ule mguu uliofungwa, akauweka juu ya mapaja yake. Harufu ilimpanda puani, naye hakugeuka. Hakujua kama kaka yake angerudi Faletoi akiwa hai, wala kama hasira ingekuja kumpigia hodi tena kabla hawajafika bandarini; alidhani ingekuja. Alimwambia Mungu hivyo pia, kwa ufupi, kwa kuwa gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Leitupo, ambaye hakuwa amepata usingizi kwa siku nyingi, alikuwa ameanza kukoroma kwa midomo wazi.

Njia ya kwenda bandarini imepita juu ya mawe meusi ya volkano, na dereva alitaka kuufidia muda alioupoteza. Gari liliruka, mguu ukaruka mapajani. Sinapati aliukumbatia kwa mikono miwili, akaligonga paa la gari kwa ngumi.

“Polepole, wewe!” alifoka. “Umempakia kaka yangu!”